KUITENGENEZA MITAA YA ZAMANI BILA YA KUIVUNJA: FUNZO LA MOROGORO

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya watendaji wa Serikali, Madiwani, Masheha na wananchi kwa jumla. Madhumuni yake ni kueleza maana ya kazi ya kuitengeneza mitaa ya zamani, namna kazi hiyo ilivyofanywa katika mji wa Morogoro, na mambo ambayo sisi wakaazi wa visiwani tunaweza kujifunza kutokana na mafanikio na upungufu uliojitokeza huko. Ni vyema ikafahamika tangu mwanzo kuwa sheria za ardhi za Tanzania Bara hazitumiki Zanzibar. Lakini maji ya mvua, vichochoro, mitaro na majaa havitofautiani sana baina ya Bara na Visiwani, na kwa hivyo funzo la mji mmoja linaweza kuufaa mji mwengine.

Mtaa wa zamani ni mali

Kwa kawaida mtaa wa zamani hutajwa kwa kasoro zake: nyumba zimesongamana, njia ni nyembamba, gari ya zimamoto haipiti, na maji machafu hutuama mbele ya milango. Kasoro hizo ni za kweli na madhara yake kwa afya yanajulikana. Hata hivyo, mtaa huo huo ni akiba. Nyumba iliyoanza kwa udongo na miti, baadaye ikatiwa sakafu ya saruji, kisha ikaezekwa bati, ni fedha ya familia iliyowekwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ishirini au thelathini. Chumba cha uani kinachopangishwa ndicho kinachomlisha mjane. Jirani anayemwangalia mtoto wakati mama yuko sokoni ni huduma isiyoandikwa katika hesabu yoyote. Mtaa unapovunjwa, akiba zote hizo hupotea kwa siku moja, na mara nyingi wanaohamishwa huenda kuanza mtaa mwengine usiopimwa pembezoni mwa mji.

Kwa hali hiyo, Serikali yoyote inayokabiliwa na mitaa ya aina hii huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuvunja na kujenga upya. Ya pili ni kuitengeneza mitaa pale pale ilipo, kwa kupitisha njia, mitaro, maji na taa, na kuwapa wakaazi uhakika wa kumiliki. Ya tatu ni kupima viwanja mapema katika ardhi iliyo tupu, kabla ya watu kujenga. Hapa kwetu, njia ya kwanza ilijaribiwa katika Ng'ambo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, pale nyumba za zamani zilipoondolewa na kujengwa majumba ya Michenzani kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Majumba yale yamewapatia makaazi wananchi wengi, lakini gharama zake hazikuwezesha mpango huo kuenea Ng'ambo nzima kama ilivyokusudiwa. Morogoro, kwa upande wake, ni miongoni mwa miji iliyojaribu njia ya pili na ya tatu kwa wakati mmoja.

Mji ulio chini ya mlima

Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, umbali wa kilomita zipatazo 190 magharibi ya Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yakavuta wafanyakazi kutoka mikoa mbali mbali. Baada ya Uhuru vilijengwa viwanda vya ngozi, viatu na turubai, na watu wakazidi kumiminika. Mji uliokuwa na watu wapatao 25,000 katika sensa ya mwaka 1967 ulifikia watu 315,866 katika sensa ya mwaka 2012, na watu 471,409 katika sensa ya mwaka 2022. Hakuna ofisi ya upimaji ambayo ingeweza kwenda sambamba na ongezeko la namna hiyo kwa vifaa na fedha zilizokuwapo. Wananchi walijenga kwanza. Vipimo vikafuata baadaye, na pengine havikufuata kabisa.

Kuna jambo moja linaloipambanua Morogoro. Mto Morogoro unashuka kutoka katika miteremko ya Uluguru, unapita katikati ya mji, na kuungana na Mto Ngerengere, ambao maji yake huingia Mto Ruvu. Mlima huo huo unaoupa mji maji ya kunywa ndio unaouletea tope na mafuriko wakati wa masika. Mwananchi anayekata mti au kulima kandokando ya mto huko juu humwathiri mwananchi anayeishi bondeni, ingawa wawili hao hawajapata kuonana. Kwa sababu hiyo, mtaro wa mtaani Morogoro hauwezi kufikiriwa peke yake. Ni kipande cha mwisho cha njia ndefu ya maji inayoanzia mlimani.

Uamuzi wa mwaka 1972

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, jawabu la kawaida kwa makaazi yasiyopimwa lilikuwa ni kubomoa. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania iliamua kuwa makaazi hayo yatambuliwe na yatengenezwe badala ya kubomolewa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuunda Benki ya Nyumba Tanzania, ili wananchi wa kipato cha chini wapate mikopo ya kujengea.

Kutokana na uamuzi huo ulianzishwa mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1974, ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, iliendelea Dar es Salaam na kuingia Morogoro, Tanga, Tabora na Iringa. Mradi ulikuwa na sehemu mbili. Katika ardhi tupu, viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa na mabomba yakalazwa, kisha mwananchi akapewa kiwanja ajenge mwenyewe kwa nguvu na wakati wake. Katika mitaa iliyokwisha jengwa, zilipitishwa barabara na mitaro, zikawekwa bomba za maji za jumuiya na taa, na kujengwa skuli, zahanati na masoko. Nyumba chache tu zilizokuwa katika mkondo wa barabara ndizo zilizoondolewa. Nyumba nyingine ziliachwa na wenyewe.

Hesabu baada ya miaka arubaini

Uzuri wa jambo lililofanywa zamani ni kuwa matokeo yake yanaweza kupimwa. Katika miaka ya 2010 wachumi waliichunguza miji yote saba ya mradi, ikiwemo Morogoro, kwa kutumia picha za setilaiti na kwa kufanya uchunguzi mitaani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Waliona kuwa maeneo yaliyopimwa yakiwa tupu yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na zilizopangika zaidi kuliko maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa tupu wakati ule lakini hayakupimwa. Aidha, nyumba nyingi zaidi zilikuwa na umeme, maji, vyoo bora na njia ya kufikika. Tofauti ya elimu baina ya wakaazi wa pande hizo mbili ilikuwa ndogo mno kuweza kuwa ndiyo sababu ya tofauti hiyo ya nyumba.

Kwa upande wa mitaa ya zamani iliyotengenezwa, habari haikuwa nzuri. Wachunguzi walitahadharisha kuwa si rahisi kupata mtaa wa kulinganisha nao kwa haki, kwa sababu mitaa hiyo haikuanza ikiwa tupu. Lakini kwa kadiri walivyoweza kuona, hali ya mitaa hiyo haikuwa bora kuliko ya maeneo ambayo hayakupimwa, na pengine ilikuwa duni zaidi.

Matokeo haya yanaweza kusomwa vibaya. Anayependa kubomoa atasema kuwa kuitengeneza mitaa ya zamani ni kupoteza fedha. Hilo silo funzo lake. Mitaa ya zamani ipo, wanaoishi humo ni raia, na hakuna mji wenye ardhi tupu na fedha za kutosha kuwahamishia wote kwengine. Funzo lenyewe ni kutafuta sababu zilizoifanya mitaro na barabara zilizojengwa kwa gharama kubwa kuchakaa kabla ya wakati wake, na kuziondoa sababu hizo katika mipango inayofuata.

Kwa nini kazi ilichakaa

Sababu ya kwanza ni kukosekana kwa mwenye dhamana. Kuanzia mwaka 1972 Serikali za Mitaa za Tanzania Bara zilivunjwa, na mamlaka za miji hazikurejeshwa hadi mwaka 1978. Kwa hivyo mradi uliandaliwa na kuanza kutekelezwa katika kipindi ambacho miji haikuwa na mamlaka yake yenyewe, na halmashauri zilizozaliwa upya zilikabidhiwa barabara na mitaro bila ya kuwa na mafundi, mitambo wala mapato ya kuitunzia. Kilichojengwa na mradi kilibaki kuwa cha mradi, na mradi ulipofungwa hakikuwa cha mtu.

Sababu ya pili ni fedha. Ilitarajiwa kuwa wakaazi wangelipa kodi ya ardhi na tozo za huduma, na mikopo ya nyumba ingerejeshwa. Malipo hayo yalikusanywa kwa kiasi kidogo sana. Benki ya Nyumba nayo ilidhoofika mwaka hadi mwaka na hatimaye ikafungwa mwaka 1995. Wananchi wengi walilalamika kuwa hawaoni kinachofanywa kwa fedha yao. Watendaji nao walisema kuwa hawawezi kufanya jambo kwa sababu wananchi hawalipi. Kila upande ulikuwa na hoja, na mtaro ukazidi kujaa mchanga.

Sababu ya tatu ni kutolindwa kwa nafasi ya njia. Katika kiwanja kilichopimwa kabla, mpaka wa barabara unajulikana na kila mmoja anaujua. Katika mtaa wa zamani, mpaka huo ni makubaliano. Asipokuwepo wa kuyasimamia, baraza husogezwa, kibanda huongezwa, karo huchimbwa pembeni ya njia, na baada ya miaka kumi barabara inageuka kichochoro tena. Hakuna aliyekusudia kuiziba; kila mmoja alichukua hatua moja tu.

Lazima na ridhaa: kisa cha matuta ya Uluguru

Ipo sababu ya nne, ambayo ni ridhaa ya wananchi. Juu ya jambo hili, Milima ya Uluguru yenyewe ina kisa cha zamani zaidi kinachostahili kukumbukwa na kila mtendaji. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Lengo lilionekana jema: kuzuia udongo usichukuliwe na maji na kulinda vyanzo vya mito. Wananchi walilazimishwa kwa amri kukata matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Lakini udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni mwembamba. Matuta yaliufukia udongo huo na kuutoa juu ule usio na rutuba, na mazao yakapungua. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia wanawake. Mwezi wa Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikatokea, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Baada ya hapo ulazimishaji wa matuta uliachwa.

Kisa hiki hakihusu nyumba, lakini kinahusu kila mpango wa maendeleo unaoingia mahala wanapoishi watu. Kosa la mpango ule halikuwa lengo lake. Kosa lake lilikuwa kuwachukulia wananchi kuwa ni nguvu ya kuchimba tu, bila ya kuwauliza wanachokijua juu ya udongo wao. Mtaa wa zamani nao una ujuzi wa namna hiyo. Wazee wa mtaa wanajua maji ya masika hupita wapi, kisima kipi kilifukiwa na nyumba gani imejengwa juu yake, na njia ipi ilikuwa ya wote kabla haijazungushiwa ua. Mpimaji asiyeuliza atachora mtaro uliosahihi katika karatasi na usiofaa katika ardhi.

Mfano wa Hanna Nassif

Njia tofauti ilionekana Dar es Salaam katika miaka ya 1990, katika mtaa wa Hanna Nassif, ulioko bondeni katika Wilaya ya Kinondoni na uliokuwa ukisumbuliwa sana na mafuriko. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakaazi walichagua kamati yao, na kamati ikaingia mikataba ya kujenga mitaro na barabara. Waliochimba na kujenga walikuwa wakaazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, na walilipwa ujira. Fedha iliyokuwa ikiondoka na mkandarasi ilibaki mtaani, na pamoja nayo ulibaki ujuzi. Aliyeujenga mtaro anajua namna ya kuutengeneza unapovunjika, na ana uchungu anapomwona jirani akitupa taka ndani yake.

Mfano huo nao haukukosa upungufu. Mtaa ukitengenezwa, kodi za vyumba hupanda, na mpangaji aliyevumilia mafuriko miaka yote huweza kushindwa kukaa wakati wa neema. Hili ni jambo la kutazamwa kwa makini zaidi hivi sasa mjini Morogoro. Kupitia Programu ya Kuimarisha Serikali za Mitaa Mijini, iliyoanza mwaka 2012 katika miji 18 ya Tanzania Bara ikiwemo Morogoro, zilijengwa barabara za lami na mitaro. Mwaka 2021 lilizinduliwa jengo jipya la Soko Kuu la Chifu Kingalu, na mwezi wa Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro. Mambo hayo yote ni ya heri kwa mji. Lakini ardhi ya mitaa ya zamani iliyo karibu na katikati ya mji hupata wanunuzi inapofikika kwa urahisi, na mwenye nyumba asiye na hati ndiye anayeuza kwa bei ndogo.

Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa leseni za makaazi na wa urasimishaji, yaani kuzitambua haki za watu walioko katika maeneo yasiyopimwa na kuzisajili. Mipaka hukubaliwa na majirani, njia hutengwa, ramani huchorwa, na hatimaye mwananchi hupata waraka unaotambulika. Huku kwetu, haki ya matumizi ya ardhi inaongozwa na Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nam. 12 ya mwaka 1992, na kazi za mabaraza ya miji na ya wilaya zinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya mwaka 2014. Sheria ni tofauti, lakini haja ni moja: mtu asiyekuwa na uhakika wa kubaki hatii saruji katika nyumba yake, wala hachangii mtaro wa mtaa wake.

Mambo ya kuzingatiwa

Kutokana na maelezo hayo, watendaji wanaoandaa mpango wowote wa kutengeneza mtaa wa zamani wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kabla ya ujenzi kuanza, ijulikane kwa maandishi ni nani atakayeusafisha mtaro mwaka wa tano na mwaka wa kumi, na kwa fedha ya fungu gani.

2. Mpango ujadiliwe katika mikutano ya wakaazi pamoja na Sheha na Diwani. Wapangaji na wanawake wenye familia wapewe nafasi ya kusema, kwani katika mikutano mingi wenye nyumba husema kwa niaba ya wote.

3. Nafasi ya njia iwekewe alama za kudumu na itangazwe, ili anayesogeza ua ajue kuwa anachukua haki ya wote.

4. Maji yafuatwe kutoka yanakoanzia hadi yanakoishia. Mtaro unaomaliza mafuriko ya shehia moja kwa kuyapeleka shehia ya pili haujamaliza jambo.

5. Fedha inayokusanywa mtaani itolewe hesabu mtaani, kwa kubandikwa mahala panapoonekana.

6. Wakati wa kuitengeneza mitaa ya zamani, viwanja vipya vipimwe mapema pembezoni, kwa sababu kupima kabla ya ujenzi ni rahisi kuliko kurekebisha baada yake.

Wananchi nao wana wajibu wao. Wanaombwa kutunza waraka wowote unaohusu nyumba au kiwanja, kuafikiana na majirani juu ya mipaka wakati wazee wanaoijua wangali hai, kutojenga katika mikondo ya maji, kutotupa taka katika mitaro, na kuhudhuria mikutano ya shehia. Mwananchi asiyehudhuria mkutano huamuliwa na waliohudhuria.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Morogoro ilijengewa ukuta kwa mkopo, lakini haikuwekewa utaratibu wa kuziba nyufa, na gharama za upungufu huo zimelipwa na wakaazi wa mitaa ya zamani kwa miaka arubaini. Watendaji na wananchi wanahimizwa kushirikiana ili gharama hiyo isilipwe mara ya pili.